Miezi Saba Nilimtilia Saini Yosri

Wiki nzima nimepokea simu zenu. Mmoja aliniita mchawi. Mama mmoja alinilaani mpaka salio lake likamwishia. Lakini aliyenikosesha usingizi ni mwanamume mwenye sauti ya upole, aliyeniuliza swali moja tu: "Kalamu ilikuwa yako au yake?"

Nikakata simu. Leo namjibu. Ilikuwa yake.

Kwa wewe uliyechelewa kujiunga nasi, nikupe kwa ufupi. Mimi ni Nejia, mjane, na nina kiwanda kidogo cha baklawa, vitamu vya lozi na asali, hapa mjini Sfax, alichoniachia marehemu mume wangu. Nina wanawake kumi na wawili wanaokunja na kuoka, na vijana wanne wenye vyeti vya chuo niliowapata kwa mpango wa serikali. Ukimchukua kijana wa mpango, serikali inamlipa sehemu ya posho, na wewe unasamehewa kodi ya mshahara wake na michango ya hifadhi ya jamii. Sharti ni karatasi ya mahudhurio. Kila mwisho wa mwezi kijana anatia saini, mwenye kiwanda anagonga mhuri, na inapelekwa ofisi ya ajira.

Yosri alikuwa wa nne. Mwisho wa Septemba alipanda mashua kwenda Italia. Mashua haikufika.

Ilinipasa nitoe taarifa siku ileile. Sikutoa. Mwaka ule vijana wawili walikuwa wameshanikimbia, na wa tatu akikimbia, jina la kiwanda linafutwa kwenye mpango na msamaha wote unaondoka. Nikasema nimtilie saini mwezi mmoja tu, mpaka nipate pumzi. Pumzi ikanichukua Oktoba, Novemba, Desemba, mpaka Aprili.

Tuliishia pale mlango wa ofisi yangu ulipofunguliwa, siku moja ya mwisho wa Mei, saa tano asubuhi. Mwanamke mrefu, amejifunga shuka jeupe la kizamani, ameshika chupa ya mafuta ya zeituni kama mtu aliyeshika mtoto. Akasema:

"Mimi ni mamake Yosri. Nimekuja kukushukuru."

Sasa endelea nami.

Nilisimama. Magoti yakagonga meza.

"Karibu, Mama Yosri. Kaa."

"Sikai sana. Jina langu Mbarka. Nimetoka kijijini kwetu Menzel Chaker alfajiri." Akaiweka chupa mbele yangu, juu kabisa ya karatasi ya mahudhurio ya Mei, ambayo ilikuwa bado haina saini. "Mafuta haya ni ya miti yetu. Miti ya babake. Siyauzi haya, haya ni ya kula nyumbani. Nikasema bosi aliyemwajiri mwanangu ayale."

"Aliyemwajiri..."

"Si umemwajiri? Kazi rasmi?"

Nilifungua droo, nikajifanya natafuta kitu.

"Usinifiche, Bi Nejia, najua kila kitu," akasema, akacheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa ncha ya shuka. "Mimi ndiye niliyemharibia moyo. Alikuja nyumbani Septemba, nikamtukana mbele ya dada zake. Nikamwambia, umesoma miaka yote hiyo, halafu unaniletea kazi ya mpango? Kazi ya mpango si kazi. Mwaka ukiisha wanakutupa wanamchukua mwenzako. Usirudi hapa mpaka uwe na kazi ya kweli."

"Ulimwambia hivyo?"

"Kwa mdomo huu huu. Baada ya siku tano akanipigia. Akasema, mama, nimeajiriwa, bosi amekubali. Nikapiga vigelegele kwenye simu mpaka majirani wakaja. Tangu siku ile sijaisikia tena sauti yake."

Naomba mnielewe hapo. Siku ile aliyompigia mamake ni siku ile aliyokuja kwangu.

Alisimama pale pale alipokaa Mbarka, na koti lake jeupe limefungwa vifungo vyote. Akaniambia, "Bi Nejia, mkataba wa mpango unaisha wiki hii. Nakuomba uniajiri. Hata kwa mshahara uleule."

Nikamwambia, "Mwanangu, nikikuajiri rasmi msamaha unaisha. Tia saini mwaka mwingine wa mpango, tutaona mbele."

Akatia saini. Hakubishana. Aliisahau kalamu yake mezani, kalamu ya bluu iliyotafunwa mwisho. Baada ya siku nne hakuja.

Nilimwona Mbarka akinitazama usoni, nikajilazimisha kuuliza.

"Na hukumtafuta?"

"Nilidhani amenisusia. Yosri ana kinyongo, huyo ni babake mtupu. Halafu kijana mmoja wa kwetu akaanza maneno, eti alimwona bandarini, eti alipanda ile mashua. Nikamfukuza kwa fagio." Akalivuta shuka begani. "Kisha wiki iliyopita wakanipigia hospitali, yule kijana aliwapa namba yangu. Chumba cha maiti."

Nikavuta kiti changu nikaketi, na yeye akaendelea.

"Wana mwili wa kijana, umeletwa na wavuvi tangu majira ya baridi. Sura hakuna. Wanamwita kwa namba. Wakasema urefu unalingana, njoo utoe mate tupime kama ni damu yako. Na tafuta karatasi ya kazini kwake inayoonyesha siku ya mwisho aliyofika, tulinganishe na siku ya mashua. Basi jana asubuhi nikaenda ofisi ya ajira. Miguu hii ilikuwa haina nguvu, Bi Nejia. Yule binti akatafuta kwenye mashine yake, akatafuta, kisha akaniambia, mama, siku ya mwisho ipi? Mwanao yuko kazini! Karatasi yake ya Aprili hii hapa!"

Akaingiza mkono kifuani, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua. Aprili. Mhuri wangu. Saini yake.

Yosri aliandika jina lake kwa mwendo mmoja, na mkia wa herufi ya mwisho aliurudisha nyuma ukapita chini ya jina zima. Oktoba ilinichukua asubuhi nzima na karatasi arobaini kuupata mkia ule. Kufikia Februari nilikuwa siangalii.

"Nimeibusu mpaka wino umefifia hapa," Mbarka akasema. "Mkono wake. Mama anaujua mkono wa mwanawe."

Niliangalia chupa ya mafuta.

"Na hospitali uliwaambia nini?"

"Niliwapigia jana hiyo hiyo. Nikawaambia huyo mtu wenu si wangu, mzikeni tu, Mungu amrehemu, na mamake popote alipo Mungu ampe subira. Wakasema basi, kesho hii inayokuja, asubuhi, watazikwa wasio na jina, na yeye yumo. Wakasema, kama nitabadilisha mawazo, mwisho ni leo, dirisha lao linafungwa saa nane mchana. Nibadilishe mawazo kwa nini?" Akatikisa kichwa. "Lakini nimemlilia yule kijana, nisikudanganye. Hana kitu mfukoni maskini. Ana ufunguo mmoja tu mdogo, hivi, umeandikwa namba tisa."

"Namba ngapi?"

"Tisa."

Kiwanda changu kina makabati ya chuma kumi na sita ukutani, karibu na mlango wa kuogea. Kila mfanyakazi ana lake, na kila kabati lina ufunguo mdogo wenye namba. Namba tisa limefungwa tangu Septemba. Wanawake hawalisogelei. Walihamisha hata ndoo ya deki iliyokuwa ikikaa chini yake, na hakuna aliyewaambia.

Mpaka dakika ile, wasomaji wangu, nilikuwa najidanganya. Nilikuwa nasema labda alifika. Labda yuko Palermo, huko Italia, anaosha vyombo, ananuna. Miezi saba niliandika jina la mtu ambaye huenda yuko hai. Sasa nilijua nilikuwa natilia saini nani.

Simu ikalia. Alikuwa Raouf, mhasibu wangu, na Raouf hapigi simu kabla ya adhuhuri ila kuna moto. Nikaomba radhi, nikatoka ukumbini.

"Nejia, umemfanya nini yule mama wa shamba?"

"Yuko hapa."

"Yuko hapo! Basi sikiliza, usiongee. Jana alikwenda ofisi ya ajira akilia, binti wa pale akamwambia mkubwa wake, mkubwa akashangaa. Mama gani hajui mwanawe yuko kazini? Kesho saa tatu wanakuja kumwona Yosri kwa macho."

Nikaegemea ukuta.

"Upo?"

"Nipo."

"Basi Yosri anaacha kazi leo. Umesikia? Aandike barua, mistari miwili, nimepata kazi kwingine, asanteni. Atie saini karatasi ya Mei, atie saini na barua. Wakija kesho, ameondoka kwa heri. Kijana anayeondoka kwa kazi nyingine hahesabiwi mtoro, tena wanakupongeza."

"Raouf, amekufa."

"Nani kasema?"

"Najua."

Nikamsikia akifunga mlango wa chumba chake. Raouf si mtu mbaya. Ana mabinti watatu.

"Basi kama amekufa hatadhurika," akasema polepole. "Wewe utafungwa. Na wale wanawake wako watakwenda wapi? Dalila msimamizi wako ana mume mgonjwa kitandani. Saini mbili tu, Nejia. Umetia saba."

Nikarudi ofisini na hesabu yangu kichwani, na ilikuwa rahisi kupita kiasi. Nikitia saini, kiwanda kinapona, na Mbarka anarudi kijijini akiamini mwanawe alikuwa hai mpaka Mei. Kesho asubuhi mwanawe anazikwa na namba, na yeye hatalijua kaburi la mwanawe mpaka aingie lake. Nikisema kweli kabla ya saa nane, atampata amzike kwa jina lake. Nami nitakwenda nitakapopelekwa.

Saa ya ukutani ilisema saa sita na robo.

Niliketi. Nikaishika ile kalamu ya bluu, sijui kwa nini. Nilitaka kushika kitu.

"Mama Yosri," nikasema, "kuna jambo."

Mlango ukapigwa kwa goti. Dalila, msimamizi wangu, akaingiza kichwa, unga mpaka kwenye nyusi. "Bosi, lozi zimefika. Huyu baba anasema ana haraka, tena ananitongoza, mtilie saini aende zake."

Muuza lozi akapita chini ya mkono wake akicheka, akaniwekea karatasi ya mapokezi mbele. "Magunia matatu, Bi Nejia, na ukinipa na kipande cha baklawa sitasema nilikosewa heshima."

"Kula lozi zako huko," Dalila akamwambia.

Nikatia saini. Macho yangu yalikuwa kwa Mbarka na nilikuwa napanga maneno. Muuza lozi akaichukua karatasi, akaisoma, akakunja uso.

"Yosri ni nani?"

Dalila akamnyang'anya karatasi. Alipoitazama, rangi ikamtoka chini ya unga.

"Bosi," akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Bosi, umeandika nini?"

Nilitazama. Jina lilikuwa pale. Mkia umerudi nyuma vizuri, umepita chini ya jina zima, wino bado unang'aa. Sikumbuki kuliandika. Nawaapia, sikumbuki.

Mbarka alikuwa ameshasimama. Aliichukua karatasi mkononi mwa Dalila, akaigusa kwa kidole, na kidole kikapata wino.

"Mbichi," akasema. "Ametia saini sasa hivi? Yuko huko ndani?"

"Mama Yosri, subiri..."

"Yuko ndani! Mnamficha! Amewaambia msimwambie mama kama yupo, eti? Yosri!" Akaipita ofisi, akampita Dalila. "Yosri! Toka, mwanangu, mama hana hasira tena!"

Wanawake kumi na moja walikuwa kwenye meza ndefu na unga uliosukumwa mwembamba mbele yao. Waliinua vichwa wote pamoja. Mbarka alisimama katikati, akageuka upande huu, akageuka upande ule.

"Salaam alaikum, wanangu. Namtafuta Yosri. Nani kati yenu anakaa naye karibu?"

Hakuna aliyejibu. Mmoja akaanza kulia bila sauti huku mikono yake ikiendelea kupaka siagi.

"Analia nini huyu?" Mbarka akauliza.

"Ana mafua, mama," Dalila akasema.

"Yosri yuko wapi?"

Dalila akanitazama mimi. Wote wakanitazama mimi. Walijua miezi yote. Kila mwisho wa mwezi waliniona nikifunga mlango wa ofisi, na hakuna aliyesema neno, kwa sababu kila mmoja ana mdomo wa kulisha nyumbani. Niliwafanya washiriki wangu na wala sikuwaomba.

"Ametoka," nikasema.

Ndiyo. Nilisema hivyo. Laaneni mnavyotaka.

"Kaenda wapi?"

"Kupeleka mzigo."

Nilikuwa nimejiandaa kusema kweli, na kilichotoka ni uongo, kama alivyotaka Raouf. Uso wa Mbarka ukafunguka wote. Alipumua. Kisha akatoa kwenye kikapu chake kifurushi cha gazeti, na ndani yake shati jeupe lililopigwa pasi, na kola imewekewa kadibodi.

"Basi simsumbui. Atakuja anione akasirike tena. Nionyeshe kabati lake nimwekee hili, alikute mwenyewe. Nimelishona mimi. Binti wa ofisi alisema kila mtu ana kabati kwenye viwanda."

Nikatangulia. Ukumbi ule ni hatua kumi na mbili, nimeupita miaka ishirini. Nilifika ukutani kwanza, nikageuka, nikaweka mgongo wangu kwenye mlango wa kabati. Niliuhisi ule mlango wa bati na ile namba iliyopigwa kwa rangi nyekundu, katikati ya mabega yangu.

"Ni hili?" akauliza.

"Ndilo."

"Lifungue basi."

"Ufunguo... anao yeye."

"Ah. Ni kweli, kazi ni kazi." Akainua shati. "Basi nitalitundika hapo nje. Sogea, Bi Nejia, kuna msumari hapo juu yako."

Sikusogea.

Saa ya ukumbini ilikuwa inagonga. Nilifikiria hospitali, dirisha, wanaume wenye koleo kesho asubuhi. Nilifikiria barua ya mistari miwili. Nilimfikiria Yosri amesimama na vifungo vyote vimefungwa, akisema hata kwa mshahara uleule.

"Bi Nejia, unaumwa? Sogea ukae."

Nikasogea.

Mbarka akauinua mkono wake na shati kuelekea msumarini. Mkono ukaishia njiani. Sikuyaona macho yake, niliona shati tu.

Aliisogelea namba. Akaifuata kwa kidole kile chenye wino, polepole, kama mtoto anayejifunza tarakimu.

"Tisa," akasema.

Nikasema, "Ndiyo."

"Kabati zote zina funguo ndogo?"

"Zote."

"Zenye namba?"

"Zote, mama."

Ndipo nilipoongea. Niliongea yote, haraka, vibaya, bila mpangilio. Kwamba hajaja kazini tangu Septemba. Kwamba saini ni zangu. Kwamba sikumwajiri, alikuja akaniomba nikamkatalia kwa sababu ya msamaha wa kodi, na akamdanganya mamake ili apige vigelegele. Kwamba hospitali inafunga saa nane na Dalila ana gari.

Nilingoja kofi. Nililitaka. Dalila alikuwa nyuma yetu ameziba mdomo kwa aproni.

Mbarka alikaa chini, juu ya gunia la lozi lililokuwa limeachwa ukumbini. Alilaza shati mapajani akalinyoosha.

"Lozi nani alipokea?"

"Mimi."

"Na Aprili?"

"Mimi."

"Na Januari? Siku zile za baridi, nilipokuwa namwombea asinyeshewe njiani kwenda kazini?"

"Mimi, mama. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Kisha akaitoa tena karatasi ya Aprili kwenye kitambaa, akaitazama, nami nikadhani ataichana.

"Umejifunza vizuri," akasema. "Hata dada zake hawawezi."

"Mama Yosri, twende. Ni saa saba kasoro dakika tano. Utatoa mate, watamzuia asizikwe. Mimi nitakwenda nawe, nitawaambia kila kitu, waandike. Twende."

"Karatasi ya mwezi huu iko wapi?"

Sikuelewa. "Ipi?"

"Ile niliyowekea chupa juu yake. Niliiona haina saini."

Alisimama mwenyewe, akarudi ofisini mwenyewe, nasi tukamfuata. Aliinua chupa ya mafuta akaiweka pembeni. Chini ya chupa kulikuwa na duara la mafuta kwenye karatasi ya Mei. Alilifuta kwa ncha ya shuka, lisienee.

Kisha akaichukua kalamu ya bluu. Aliutazama mwisho wake uliotafunwa. Aliugusa kwa kidole gumba, alama moja ya jino baada ya nyingine, nikajua ameitambua.

"Mwandikie," akasema.

"Mama..."

"Mwandikie na Mei."

"Mama Yosri, nikitia saini hii, watasema alikuwa hai mwezi huu. Hospitali itaamini karatasi. Mhasibu wangu ameniambia nifanye hivyo hivyo, ndiyo njia ya kujiokoa mimi, si wewe. Dirisha linafungwa saa nane!"

"Najua saa nane. Sijawa kichaa." Sauti yake haikupanda. "Miezi minane sikujua mwanangu yuko wapi. Jana asubuhi nikaambiwa yuko kazini. Nimelala nikijua yu hai usiku mmoja tu, Bi Nejia. Nimeamka naye leo, nikampigia shati pasi. Wewe umekuwa naye miezi saba, nipe na mimi mwezi mmoja."

Dalila alikuwa mlangoni na funguo za gari mkononi. Saa ilikuwa saa saba na dakika kumi, na kutoka kwetu mpaka hospitali ni nusu saa kama barabara ni nzuri.

Mbarka alinishika mkono wa kulia, akauweka juu ya karatasi, akanifungua vidole kimoja kimoja, akanipa kalamu.